Saratani si Ugonjwa wa Mjini: Nilishinda Mdahalo, Nikakosea

Nina neno ambalo limenikaa kooni na lisipotoka litanisonga. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikuficha maradhi. Nilificha ujinga wangu chini ya ufasaha, na kilio kikaja kunifichua.

Wale waliohudhuria mdahalo wa Chama cha Kiswahili muhula wa pili mwaka jana watakumbuka hoja iliyokuwa mezani: saratani ni ugonjwa wa watu wa mjini. Nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Nilisimama kidete, nikakohoa kidogo kama wakili, kisha nikamwaga sera. Nilisema mtu wa mjini huamka kwa chipsi na kulala kwa soseji, haendi mahali ila kwa matatu, na moshi wa magari ndio hewa yake. Mtu wa mashambani naye hula mboga za shambani na ugali wa wimbi, hutembea kwa miguu, na huzeeka hadi meno yang'oke yote bila kujua saratani ni mnyama gani. Nikamalizia kwa kusema kwamba anayebisha aende akatazame madaftari ya hospitali za Nairobi, aone majina yalivyojazana. Wee! Ukumbi ulipasuka kwa makofi. Wapinzani waligaragazwa, nami nikatuzwa kalamu na daftari.

Leo nimemwomba mhariri nafasi ili niurudishe ushindi ule. Kalamu nimebaki nayo, kwa maana ndiyo ninayoandikia maneno haya.

Mambo yalianza likizo ya Desemba nilipofika kwetu Bomet. Nilimkuta Kogo, yaani nyanya yangu, amekonda na shuka zake zimemshinda kwa ukubwa. Alikuwa akinywa uji tu. Nilipomuuliza kisa, alicheka, akasema ati ugali umeanza kumkataa. Kumbe chakula kilikuwa kikimkwama kifuani kwa miezi tisa! Kwanza alianza kunyima koo lake nyama, kisha ugali, kisha hata viazi vilivyopondwa. Si kwamba alikaa tu nyumbani. Alikuwa amekwenda zahanati mara nne, na mara zote nne alipewa tembe za vidonda vya tumbo akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwambia aende akatazamwe kwa ule mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni. Tulipompeleka hospitali kubwa hatimaye, jibu lilitoka siku chache baadaye: saratani ya umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Tena ilikuwa imekwisha kusambaa.

Ilibidi apelekwe Nairobi kwa tiba ya miale. Amu yangu anaishi Umoja, kwa hivyo Kogo alilala kwake. Nilikuwapo walipoandikishwa. Karani aliuliza, "Mama anakaa wapi?" Amu akajibu, "Umoja." Karani akaandika, tukasonga mbele kwenye foleni.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Nyanya yangu, ambaye alizaliwa Bomet, akaolewa Bomet, akalima Bomet kwa zaidi ya miaka sitini na kuugulia Bomet, alikuwa amegeuzwa mgonjwa wa Nairobi kwa neno moja. Niliyakumbuka yale majina niliyoyatolea ushahidi kwenye mdahalo. Ni mangapi yalikuwa ya kina Kogo?

Tangu siku hiyo nimeisoma habari hii kwa bidii kuliko nilivyosoma kwa ajili ya mdahalo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, mambo ya kuhesabu. Kwa mwaka wa 2022, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000, na vifo zaidi ya 29,000. Hayo ni makadirio. Kuhesabu hasa hufanywa kwa rejista za saratani, na rejista zetu za zamani ziko mijini: ile ya Eldoret na ile ya Nairobi, inayosimamiwa na KEMRI. Sasa, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban Wakenya 7 kati ya 10 huishi mashambani. Mgonjwa ambaye hakufika hospitali, hakukatwa kinyama kikapimwa kwenye maabara, na akazikwa nyuma ya nyumba huku majirani wakisema "alikuwa na tumbo", huyo hayumo katika daftari lolote.

Hebu tutumie mfano wa shuleni. Chukua shule mbili. Moja ina muuguzi anayeandika kila anayekuja na kikohozi. Nyingine haina muuguzi wala kitabu. Ukisoma vitabu tu, utasema shule ya kwanza imejaa wagonjwa na ya pili wanafunzi wake ni chuma. Huo ndio ushahidi niliowaletea ukumbini, nanyi mkanipigia makofi!

Pili, kuna suala la umri. Saratani nyingi huwapata watu wanapozeeka. Vijana wanakimbilia mjini kutafuta kazi, wazee wanabaki mashambani. Kwa hiyo hata ukipata hesabu kamili huwezi kulinganisha kaunti mbili hivi hivi tu. Ni kama kuhesabu miwani katika chumba cha walimu na katika Kidato cha Kwanza, halafu useme ualimu huharibu macho. Wataalamu hukokotoa idadi kwa kila watu 100,000, tena wanasawazisha umri, ndipo wanaposema kaunti hii imezidi ile.

Tatu, na hapa ndipo palipo na kiini cha jambo: saratani si ugonjwa mmoja. Ni maradhi mengi yenye jina moja la ukoo. Wanaposema mjini kuna saratani nyingi ya matiti, ya tezi dume na ya utumbo mpana, hawakosei. Unene, kukaa kitako kutwa, pombe, kuzaa watoto wachache na kwa kuchelewa, yote haya yana mchango. Tena mjini kuna mashine za kupima, na anayepimwa ndiye anayepatikana. Lakini mashambani kuna saratani zake. Mwaka wa 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, kule kule kwetu Bomet, waliandika katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio ilikuwa jambo la kawaida hata kwa vijana wa wilaya hiyo. Vijana, si wazee peke yao! Ugonjwa huu unafuata ukanda mrefu wa Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Bonde la Ufa letu limo.

Watu kijijini wana majibu mengi: wengine wanalaumu mursik, wengine mbolea, wengine dawa za kunyunyizia mahindi. Watafiti hawajapata mkosaji mmoja wa kubeba lawama zote. Pombe na tumbaku zinajulikana wazi. Na tangu 2016 lile Shirika la Kimataifa limeweka vinywaji vya moto sana, vya kupita nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Kogo alikuwa akiinywa chai ikiwa bado inatoa mvuke kama sufuria, na akitucheka sisi tunaopuliza vikombe. Sisemi chai ndiyo iliyomuua. Nasema hakuna aliyewahi kumwambia aiache ipoe kidogo.

Kwamba mahali huamua maradhi si habari mpya, na ilijulikana hapa hapa kwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliandika mwaka wa 1958 juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka wa 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya maili Afrika ya Mashariki na ya kati akiuliza hospitali moja baada ya nyingine, "Mmewaona watoto wa namna hii?" Aligundua kwamba uvimbe ule ulikuwa katika nchi za joto na mvua zenye malaria, na haukuwako kwenye nyanda za juu. Hadi leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Je, angegundua nini kama angekaa Kampala akahesabu waliomjia tu?

Mtu atasema: haya ni matatizo ya nchi maskini, kwa matajiri mambo ni mengine. La hasha! Marekani wanahesabu kwa makini, kaunti kwa kaunti. Taarifa ya serikali yao ya mwaka wa 2017 ilionyesha kwamba wagonjwa wapya mashambani walikuwa wachache kidogo kuliko mijini, 442 kwa 457 katika kila watu 100,000. Lakini vifo? Mashambani 180, mijini 158. Yaani wa mashambani huugua kidogo zaidi na kufa zaidi. Basi ukiuliza tu "nani anaugua?" umeuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni "nani anakufa, na kwa nini?"

Kwa nini basi? Kwa sababu ya barabara, pesa na muda. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali ya umma aliyehitaji tiba ya miale hapa Kenya alikuwa hana budi kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Miaka ya karibuni vituo vimefunguliwa Mombasa, Nakuru na Garissa, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kituo hakimsaidii mtu ambaye miezi tisa yake imeliwa na tembe za vidonda vya tumbo. Saratani haingoji foleni.

Saratani haibagui, jamani. Julai 2019 tuliwapoteza katika mwezi mmoja Bob Collymore wa Safaricom, Mbunge wa Kibra Ken Okoth, na Gavana wetu wa Bomet, Dakta Joyce Laboso. Nchi nzima ililia, magazeti yakaandika. Lakini ni kina mama wangapi wa Bomet waliozikwa mwezi huo huo na hakuna aliyeandika hata mstari?

Sasa nitoe maoni yangu waziwazi, maana hii ni kurasa ya maoni.

Serikali za kaunti zisijenge malango ya hospitali na kuyapaka rangi tu. Kila hospitali ya kaunti iwe na kamera ya kutazama umio na mtu anayejua kuitumia. Kila zahanati ibandike ukutani maneno haya: mtu mzima ambaye chakula kinamkwama, asipewe tembe mara ya pili, apelekwe akapimwe. Karatasi hiyo ni shilingi ngapi? Na makarani waulize maswali mawili badala ya moja: unalala wapi sasa, na kwenu ni wapi. Kaunti ambayo watu wake hawahesabiwi haitatengewa fedha, na kaunti isiyotengewa fedha haitapata mashine. Mduara huo umetuzunguka muda mrefu.

Wanafunzi wenzangu, nasi tusikunje mikono. Wengi wetu ndio wasomaji pekee katika boma zetu. Ukienda likizo uliza, kwa adabu, kama babu na nyanya wanakula vizuri. Kama una dada wa miaka 10, mhimize mama asikose chanjo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019. Mama na shangazi wa miaka 25 hadi 49 waende wakapimwe mlango wa kizazi, wasiogope wala wasione haya. Na mtu akianza kuzungumza habari za kurogwa, mshike mkono mwende hospitali kwanza.

Walimu wetu wapendwa, mtuwie radhi, lakini nanyi mlipiga makofi siku ile. Labda midahalo yetu iwe na kanuni moja zaidi: mwenye kutaja takwimu aulizwe nani alihesabu, na nani hakuhesabiwa.

Kogo alifariki mwezi wa Machi. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na miti ya chai aliyoipanda mwenyewe. Katika daftari la hospitali bado yeye ni mkazi wa Umoja. Ndiyo sababu nimeandika hapa, katika jarida la shule ambalo angalau nyinyi mtalisoma: alikuwa mtu wa Bomet, aliugua Bomet, na saratani ilimkuta huko huko kwenye mboga safi na hewa safi niliyowasifia.

Ushindi wangu nimeurudisha. Wapinzani wangu wa siku ile, mwapokee makofi yenu.

Mwanachama, Kidato cha Nne