Panya wa SUA anafanya mtihani, gemu la mtoto halifanyi!

Wadau, nilikuwa kimya kidogo, lakini leo nina donge la kutoa.

Hivi mtu anatengenezaje gemu la kumfundisha mtoto kusoma, analizindua hotelini kwa keki na hotuba, halafu mtoto mwenyewe analiona kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo? Nimehudhuria uzinduzi wa aina hiyo hapa hapa Morogoro mjini. Silitaji, wenyewe wanajijua. Baadaye nikapanda nalo Mgeta kwenye simu yangu, nikampa binti wa darasa la pili. Kwenye kona kuna picha ya nyumba. Kwa mtengenezaji maana yake ni "rudi mwanzo". Binti akaigusa, alitaka kuingia ndani aone nani anaishi humo. Akarudishwa mwanzo. Akaigusa tena. Mara ya nne akanikabidhi simu: "Kaka, imeharibika."

Nikampigia mtengenezaji. Akanijibu eti watoto wa kijijini "hawajazoea teknolojia". Loh! Yaani mtoto ndiye mwenye kosa! Binti huyo siku za gulio anauza karoti na kurudisha chenji bila kikokotoo.

Kulipima gemu hakuhitaji maabara, jamani. Tafuta watoto watano wasiokujua, mpe mmoja simu, kaa pembeni na daftari, halafu NYAMAZA. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wanaposhindwa. Mtoto akikwama tu, mkono unawawasha: "Bonyeza hapo, mama!" Ukishasema hivyo jaribio limekufa, maana siku gemu litakapofunguliwa kule Kinole au Matombo wewe hutakuwepo. Andika alipokwama, karekebishe, kisha tafuta watoto wengine (wale wa kwanza wameshalijua), uanze upya.

Mnawajua panya buku wa APOPO pale SUA? Panya anafundishwa kwa miezi mingi kunusa baruti ya mabomu ya ardhini, na haendi kazini mpaka afaulu mtihani kwenye uwanja ambao hata mwongozaji wake hajui mabomu yamefukiwa wapi, asije akamsaidia bila kujijua. Magawa alipita humo. Akaenda Kambodia, akagundua mabomu na masalia mengine ya vita zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Sasa niambieni, kwa nini panya apimwe kwa ukali huo na gemu la mtoto lipite kwa makofi ya mgeni rasmi?

Watasema fedha hakuna. Ni kweli, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalikuwa na mamilioni ya dola: mkoani Tanga, vijiji karibu 170, watoto wapatao 2,700, miezi 15 na kompyuta kibao za Kiswahili bila mwalimu. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion wakagawana dola milioni 10, na kilichoamua ni watoto wamejifunza kiasi gani, si ufasaha wa mtu jukwaani. Sisi hatuhitaji vijiji 170. Watoto watano wa Jumamosi moja ni nauli ya daladala na soda.

Na tabia hii ya kuwapelekea watu wa mlimani kitu kilichokwisha kukamilika si ya leo. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na michoro yao. Lakini sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaleta juu udongo usiozaa kitu. Mkulima angeulizwa, angewaambia. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango wenyewe ukaachwa.

Waandishi wenzangu, nasi tuna lawama hapa. Tunapokea bahasha ya nauli, tunaandika "teknolojia yawafikia wanafunzi". Uzinduzi ujao nyosha mkono, uliza: watoto wangapi wamelicheza, wapi, na mlibadilisha nini baada ya kuwaona? Wakianza kukutajia majina ya wafadhili, rudia swali.