TUNALILIA ANDALUSI, KILWA HATUIJUI



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu wanafunzi, kila mwaka tunapofika kwenye somo la Andalusi darasa zima huwa kimya. Mnaijua habari ya Tariq bin Ziyad aliyevuka bahari mwaka 711, na kwamba mlima aliotia nanga hadi leo unaitwa kwa jina lake, Jabal Tariq, ambao Wazungu wanauita Gibraltar. Mnaujua msikiti wa Cordoba ulioanza kujengwa karne ya 8, na mnajua kuwa tangu mwaka 1236 ni kanisa. Mnajua kuwa Granada ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492. Wapo wanaotokwa na machozi, na sisi walimu wenu hatuwalaumu.

Lakini tukiuliza darasa hilo hilo, ni nani amefika Kilwa Kisiwani? Hakuna mkono unaonyooka. Ni nani amepanda milima ya Matogoro, ambayo tunaiona kila tukitoka kuswali? Mikono inahesabika. Ndiyo maana mwaka huu tumeona tuandike juu ya safari na ziara, kwa sababu tunaamini kuwa elimu yetu ina pengo hapo.

QUR'AN INATUAMRISHA KUTEMBEA

Ifahamike kwamba kutembea na kuangalia si anasa iliyoletwa na watalii. Allah (s.w.) ametuhimiza mahali pengi katika Qur'an tutembee katika ardhi tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Na katika Surat al-Ankabut, aya ya 20, ametuhimiza tutembee tuangalie jinsi alivyoanzisha uumbaji. Hapo pana mambo mawili: miji ya watu waliopita, na ardhi yenyewe pamoja na milima, mito na viumbe vyake. Mwanafunzi anayehifadhi aya hizi huku hajawahi kuvuka mto wa wilaya yake kwa nia ya kuutazama, amezihifadhi nusu.

Wanazuoni wetu walilielewa hilo. Ibn Battuta alitoka Tangier akiwa kijana wa miaka 21, na mwaka 1331 alifika Kilwa. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa sana. Karibu miaka 20 baadaye, mtu huyo huyo alivuka kwenda Andalusi akafika Malaga na Granada. Kwa hiyo miji hii miwili imo katika kitabu kimoja cha safari, imeandikwa kwa macho ya mtu mmoja. Sisi ndio tuliochana kitabu hicho vipande viwili, tukasoma cha Granada na kukiacha cha Kilwa.

YALIYOBAKI HUKO NA YALIYOBAKI HUKU

Tuitazame kwanza Andalusi ya vijijini, maana wengi mnadhani ni majumba ya kifalme tu. Kusini mwa Hispania kuna milima mirefu iitwayo Sierra Nevada, yenye theluji. Kwenye miteremko yake ya kusini kuna vijiji vya Alpujarra, vyenye nyumba nyeupe zilizobanana. Waislamu walichimba huko mifereji ya kushusha maji ya theluji hadi kwenye mashamba ya ngazi. Mifereji hiyo mpaka leo inaitwa acequia, neno linalotokana na Kiarabu as-saqiya, na mingine bado inapeleka maji mashambani. Mto mkubwa wa nchi ile unaitwa Guadalquivir, yaani al-wadi al-kabir, mto mkubwa. Lakini wenyewe waliochimba hawapo. Walipoasi katika milima hiyo mwaka 1568 walipigwa na kutawanywa, na kati ya mwaka 1609 na 1614 waliobaki kote Hispania walifukuzwa.

Sasa njooni Kilwa. Miaka 13 tu baada ya Granada, mwezi Julai 1505, Wareno chini ya Francisco d'Almeida waliivamia Kilwa wakaipora na kujenga ngome. Ule mji ulikuwa umetajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala, na ulikuwa ukipiga sarafu zake wenyewe. Mwaka 1944 sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tafuteni visiwa hivyo kwenye ramani, mjue majina ya masultani wetu yalifika wapi.

Msikiti Mkuu wa Kilwa umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya zamani ni ndogo. Sehemu kubwa yenye nguzo, matao na makuba iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14. Kando yake pana kisima na mahali pa kutilia udhu. Mbali kidogo, juu ya ukingo wa bahari, kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufukwe na kuta zilikuwa zikianguka. Kuta zikakarabatiwa, mikoko ikapandwa kuzuia mawimbi, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo.

Tofauti iliyopo ni hii. Andalusi majengo yalibaki, waumini wakaondolewa. Kilwa majengo yaliporomoka, waumini wakabaki. Watu wa Kisiwani hadi leo wanaadhini, wanafunga na wanasomesha watoto wao juzuu amma, hatua chache kutoka kwenye mihrabu ya mababu zao. Ni ipi kati ya hasara hizi mbili iliyo nyepesi? Kwa maoni yetu ni ya Kilwa, na kwa hilo tuna haki ya kumshukuru Allah (s.w.). Lakini tutashukuru vipi kwa kitu ambacho hatujakwenda kukiona?

TUSIENDE KUJISIFU

Hata hivyo, ndugu wanafunzi, tunawatahadharisha. Kuna namna ya kwenda kwenye magofu ambayo haina faida, nayo ni kwenda kujisifu. Ibn Battuta anaeleza kuwa fakiri mmoja alimwomba Sultani wa Kilwa nguo alizovaa, naye akampa. Kisa hiki tunapenda kukisimulia, ila mara nyingi tunakikata katikati. Mwisho wake ni kwamba mtoto wa Sultani alizikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10, na Sultani aliposikia watu wanavyomsifu akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Watumwa hao 20 walikuwa watoto wa watu, na pengine walitoka bara huku kwetu.

Sisi wa Songea tuna sababu ya pekee ya kulisema hili wazi. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Kilwa Kivinje, ikapita nchi hizi zetu hadi Ziwa Nyasa. Njia hiyo ilileta nguo, shanga, bunduki na pia walimu wa dini. Njia hiyo hiyo ilipeleka pwani watu waliofungwa minyororo. Mwanafunzi wetu akisimama Kivinje, ajue kuwa anasimama mahali ambapo shahada ilianzia safari ya kuja kwa babu yake, na mahali ambapo pengine ndugu wa babu huyo alipandishwa jahazi asirudi tena. Uislamu haupungukiwi na kitu tukisema kweli kuhusu waliodhulumu. Unapungukiwa sisi tukificha, kisha watoto wetu wakaja kuambiwa na wengine.

NYUMBANI KWANZA

Si lazima tuanze na safari ndefu. Hapa hapa mjini tuna Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni, na makumbusho hayo yanawakumbuka mashujaa 67. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu umechukua jina lake, naye alinyongwa, na inasimuliwa kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo akaomba msamaha. Ikiwa rais wa nchi ya mbali amesafiri kuja kuinamisha kichwa mbele ya makaburi hayo, mwanafunzi anayeishi hapa mjini ana udhuru gani? Kuna pia pango la Chandamali, ambalo wazee wanasimulia kuwa Nduna alijificha humo.

Kisha kuna Matogoro. Mto Ruvuma unaanzia katika milima hiyo, unakwenda takriban kilomita 800, unakuwa mpaka wetu na Msumbiji, ndipo unamwagika Bahari ya Hindi. Maji ya mji wetu nayo yanategemea misitu ya milima hiyo. Maji mnayotilia udhu hapa madrasa hayakuzaliwa bombani. Yametoka chini ya miti, na miti hiyo ikichomwa moto au kukatwa kwa mkaa, birika letu litakauka. Mtume (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata kwa anayetia udhu kwenye mto unaotiririka. Watu wa Alpujarra waliyaongoza maji ya mlima kwa karne nyingi bila kuyapoteza. Sisi tuna mlima na tuna chemchemi, tumekosa uangalizi tu.

WANAOPINGA

Tunajua wapo wazazi na hata walimu wenzetu wasiokubaliana nasi. Wengine wanasema kuzuru magofu kunafungua mlango wa kutukuza makaburi. Hofu hiyo tunaiheshimu. Tunajua pia kuwa Mtume (s.a.w.) alipopita Hijr, makazi ya Thamud, aliwaelekeza masahaba wasiingie ila wakiwa wanalia, na yeye akapita haraka. Lakini hayo yalikuwa makazi ya watu walioangamizwa kwa kukadhibisha. Kilwa ni mji wa watu waliokuwa wakiswali. Tunakwenda kuzingatia na kuwaombea rehma wafu Waislamu, hatuendi kuomba kitu kwao. Mwalimu akiwepo, mpaka huo unalindwa.

Wengine wanasema ni ghali. Hili ni kweli. Kutoka Songea kupitia Namtumbo, Tunduru, Masasi na Lindi hadi Kilwa si safari ya siku moja, ingawa siku hizi barabara ya Tunduru ni ya lami na zile siku za kulala njiani kwenye matope zimepita. Lakini kila mwaka fedha za sherehe ya mwisho wa mwaka zinapatikana, tena kwa furaha, na zinaisha kwa siku moja.

Wengine wanasema wasichana wabaki. Kwa safari ya mbali tunakubali kuwa sharia ina masharti yake, na yafuatwe. Lakini kwa Matogoro na Makumbusho, ambako tunakwenda asubuhi na kurudi kabla ya alasiri, pamoja na walimu wa kike, hatuoni hoja yoyote. Hao ndio mama watakaosimulia watoto historia. Tukiwaacha nyuma leo, kesho hakuna wa kusimulia.

MAPENDEKEZO YETU

Kwanza, kila darasa lipande Matogoro mara moja kwa mwaka, wavulana kwa siku yao na wasichana kwa siku yao, na kila mwanafunzi apande mche mmoja kwa idhini ya wahusika wa msitu.

Pili, mwezi Februari, wakati mji unapokumbuka mashujaa wa Majimaji, madrasa yetu iende Makumbusho kwa utaratibu.

Tatu, kuanzia sasa tuweke kisanduku cha akiba ya Kilwa, tuchange kidogo kidogo kila mwezi, ili ndani ya miaka 2 tupeleke kundi la kwanza. Wasichana wanaotaka kwenda waandamane na baba, kaka au mahramu mwingine, na wazazi waelezwe mapema. Tukifika Masoko tutachukua kibali ofisini kabla ya kupanda boti kwenda Kisiwani.

Nne, na hili halina gharama: kila mwanafunzi aulize nyumbani Uislamu uliingiaje katika ukoo wake. Aulize babu au bibi ni nani aliyeslimu kwanza, alifundishwa na nani, na mwalimu huyo alitokea wapi, Tunduru, Kilwa, Lindi au kwingineko. Aandike kwenye daftari. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka ni Kilwa ndogo inayoanguka bila mtu wa kuikarabati.

Ndugu wanafunzi, hatukuambii uache kuililia Andalusi. Huenda Allah (s.w.) akakujaalia siku moja ukafika Granada, ukasikia maji yakipita kwenye mifereji ile. Ukifika, wenyeji watakuuliza umetoka wapi na kwenu kuna nini. Tunataka siku hiyo uwe na jibu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe macho yenye kuona na nyoyo zenye kuzingatia, awarehemu waliotutangulia katika imani, na atuwezeshe kuilinda ardhi aliyotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.