Kope Zinazovimba Mara kwa Mara

Wako watu ambao kila waamkapo hukuta kope zimegandamana, kingo zake nyekundu, na macho yakikereketa kama yameingia mchanga. Hutia dawa ya matone, hupata nafuu juma moja, kisha maradhi hurejea, nao huilaumu dawa.

Katika kila kope mna tezi ndogo zaidi ya 20 zitoazo mafuta yanayozuia machozi kukauka upesi. Mafuta hayo yagandapo, ukingo huvimba. Hali hii huweza kudumu miaka. Hutulizwa kwa usafi wa kila siku.

Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu. Chovya kitambaa safi, ukikamue, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kila kipoapo. Kisha kanda kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake, ufute magamba kwa pamba yenye maji hayo. Fanya asubuhi na jioni; macho yakitulia, punguza iwe mara moja, lakini usiache. Wanja, ingawa ni pambo letu la tangu zamani, ukae kando kwanza.

Dawa ya jirani usiiguse: nyingine zina steroidi, ambayo bila uangalizi wa mganga huweza kupofusha. Na macho yakiumizwa na mwanga, yakififia, au nywele za kope zikigeukia ndani kama ilivyo katika trakoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.