Mjue mende wako kabla ya kununua dawa

Uwe unaishi Jericho, Umoja, Kayole au Dandora, bila shaka umewahi kuwasha taa ya jikoni usiku ukaona mende wakitawanyika kila upande. Wazo la kwanza huwa ni kununua dawa. Hebu ngoja kidogo. Mende si wa aina moja, na dawa iliyopulizwa mahali pasipofaa ni pesa zilizotupwa.

Mfunike mmoja kwa gilasi bila kumponda, kisha umtazame vyema kwenye mwanga.

Akiwa na urefu wa karibu sentimita 4, rangi ya kahawia yenye wekundu na alama ya manjano nyuma ya kichwa, huyo ndiye aitwaye mende wa Marekani. Jina lisikudanganye, kwani asili yake ni Afrika. Hupenda mabomba na mashimo ya maji taka, na huingia nyumbani kupitia matundu ya bafu na choo. Kupuliza dawa kabatini hakutamzuia. Funika matundu hayo kwa wavu, ziba nyufa, na umhimize mwenye nyumba afunike shimo la maji taka lililoachwa wazi.

Akiwa hazidi sentimita moja na nusu, rangi ya kahawia hafifu na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni mende wa Ujerumani. Wengi hudhani ni mtoto wa yule mkubwa. La hasha! Mende mchanga hana mabawa. Mdogo mwenye mabawa ni mzima wa aina nyingine. Wala hakutoka Ujerumani: mwaka wa 2024 wanasayansi waliochunguza chembe zake za urithi walieleza kwamba alitokea Asia ya Kusini, yapata miaka 2,100 iliyopita.

Huyu ndiye msumbufu zaidi. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Hujificha karibu na jiko, nyuma ya friji na kwenye bawaba za kabati. Huzoea upesi dawa za kupuliza, kwa hivyo chambo chenye sumu kinachopakwa ndani ya nyufa hufaa zaidi. Katika fleti, majirani wafanye kazi hiyo pamoja, la sivyo atahamia kwa jirani kisha arudi.

Wa tatu pia ni mdogo, lakini badala ya mistari miwili ana mikanda hafifu iliyokatiza mgongoni. Hupenda mahali pakavu penye joto. Mtafute nyuma ya televisheni, redio, picha za ukutani, hata chumbani mwa kulala. Ukisafisha jikoni pekee hutampata.

Jambo hili si la aibu ya wageni tu. Kinyesi na magamba ya mende hugeuka vumbi linaloweza kumletea mtoto mwenye pumu shambulio kali. Hata hivyo, sumu isiyo na lebo inayouzwa barabarani inaweza kumdhuru zaidi. Nunua dawa yenye lebo na nambari ya usajili ya bodi ya PCPB, wala usiihifadhi katika chupa ya soda.

Mabaki ya chakula yafunikwe, takataka zitolewe kila jioni, na bomba linalovuja litengenezwe. Mende asiyepata maji wala makombo hana sababu ya kukaa kwako.

Tukutane Jumapili ijayo.