Kabla ya kumnunulia mwanao lenzi ndefu ya wanyamapori

Kijana anarudi kutoka safari ya shule Mikumi akiwa na picha 200 kwenye simu, na karibu katika zote tembo ni kidoa cha kijivu kwenye nyasi. Baada ya siku chache anakuja na ombi: anataka kamera yenye lenzi ndefu, ile inayovuta mnyama aliye mbali. Mzazi anauliza bei, na akishaisikia anabadilisha mazungumzo.

Si ajabu. Lenzi ya Nikon ya milimita 200 hadi 500 ilipoingia sokoni mwaka 2015 iliuzwa Marekani kwa takribani dola 1,400, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 3 za Tanzania kabla ya usafiri na kodi. Ile ya Sony ya milimita 600 yenye f/4, iliyotoka mwaka 2019, iliuzwa kwa karibu dola 13,000. Hiyo ni bei ya gari la mtumba.

Hata hivyo, kumjibu mtoto "hapana" ya haraka kunaweza kuzima kitu alichokipenda kwa dhati, na "ndiyo" ya mkopo kunaweza kuiweka familia pabaya. Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe shilingi ngapi wala milimita ngapi. Mzazi aulize hivi: mwanangu atakuwa anampiga picha mnyama gani kila wiki, na akiwa wapi?

Milimita maana yake nini

Namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi inaonyesha inavuta kiasi gani. Namba ikiwa kubwa, eneo linaloingia kwenye picha linakuwa dogo, na mnyama anaonekana mkubwa. Wapigaji wa wanyamapori hutumia zaidi lenzi za kuanzia milimita 300 kwenda juu.

Chukua mfano wa simba aliyelala mita 50 kutoka kwenye gari. Kwenye kamera yenye sensa kubwa, lenzi ya milimita 200 inachukua eneo lenye upana wa mita 9, na simba anapotea kwenye nyasi. Lenzi ya 400 inachukua mita 4 na nusu, na simba anajaza karibu nusu ya upana wa picha. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa ndogo zaidi, na hapo udogo huo ni faida: lenzi ya 400 inavuta kama vile ni ya 600.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Ndege aliye mita 20 ukimsogelea hadi mita 10 anakuwa mkubwa mara mbili kwenye picha, sawa na kubadilisha lenzi ya 400 kwa ya 800. Kwa ndege wa uani, kijana akijibanza nyuma ya pazia nusu saa bila kutikisika, ndege mwenyewe atasogea, na mamilioni yatakuwa yameokolewa. Kwa tembo na nyati hakuna kusogea. Hapo ndipo lenzi ndefu inapostahili fedha yake.

Kwa nini nyingine ni ghali hivyo

Namba ya pili kwenye lenzi ni ile ya f/4, f/6.3 au f/11. Inaonyesha ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na husomwa kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 inahitaji tundu la kipenyo cha sentimita 15, upana wa kisahani cha chai. Vioo vikubwa kiasi hicho ni vigumu kutengeneza na ni vizito. Lenzi ile ya Sony ina uzito wa kilo 3.

Mwaka huohuo wa 2019 kampuni hiyo ilitoa lenzi nyingine ya milimita 200 hadi 600, yenye f/5.6 hadi f/6.3, kwa takribani dola 2,000. Zote mbili zinafika milimita 600, na sehemu kubwa ya fedha inayoongezeka ni ya mwanga: ile ya f/4 inapitisha mwanga karibu mara mbili na nusu zaidi.

Je, mwanafunzi anauhitaji mwanga huo? Chui anayeshuka mtini magharibi anauhitaji. Twiga wa saa 2 asubuhi Mikumi hauhitaji. Mwanga ukiwa hafifu, kamera inalazimika kuchukua picha polepole, na mnyama anayekimbia anatoka na ukungu. Usidanganywe na maneno "kizuia mtikisiko" kwenye boksi. Kifaa hicho hutuliza mikono ya mpigaji. Hakimtulizi swala.

Na ipo hali ambayo hakuna lenzi inayoitibu. Saa 7 mchana joto likipanda kutoka ardhini, hewa hucheza, na mnyama wa mbali hutoka kama anayeonekana ndani ya maji. Kuamka alfajiri ni dawa nzuri kuliko kununua kioo kingine.

Mnyama wa kila wiki

Familia nyingi zenye watoto huenda hifadhini mara moja kwa mwaka, zikijaliwa mara mbili. Wiki zilizobaki mtoto yuko nyumbani na shuleni. Huko kuna mnana wanaosuka viota kwenye mnazi, chozi kwenye maua, yangeyange wanaofuata ng'ombe, mdiria kwenye bwawa, na kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, furukombe.

Hao ndio walimu. Kijana anayefuatilia mnana kila Jumamosi kwa mwaka mzima atajua kumkamata kiumbe anayeruka, kusoma mwanga na kusubiri. Aliyesubiri safari moja ya Serengeti atakuwa bado anatafuta vitufe wakati simba anaondoka.

Kwa kazi hiyo ya kila wiki, lenzi nyepesi ndiyo itakayotoka nje ya kabati. Lenzi ya Canon ya RF ya milimita 100 hadi 400, iliyotoka mwaka 2021 kwa takribani dola 650, ina uzito wa gramu 635. Inaingia kwenye begi la kawaida, na mtoto wa miaka 14 anaweza kuishika asubuhi nzima. Lenzi za kilo 2 ni nzuri, lakini baada ya nusu saa mikono huanza kutetemeka. Anayetumia hizo aegemeze lenzi juu ya mfuko mdogo uliojazwa mchele au maharage, uwekwe kwenye dirisha la gari lililozimwa injini.

Ndefu kupita zote si bora kupita zote

Mfano mzuri uko Gombe, Kigoma. Jane Goodall alifika huko mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, na mwaka 1962 National Geographic ilimtuma Hugo van Lawick kwenda kupiga picha. Kwanza sokwe walilazimika kuzoea kuona watu, na jambo hilo lilichukua miezi mingi. Hakuna lenzi ambayo ingeweza kulifanya.

Hadi leo, wageni Gombe hutembea kwa miguu na kutakiwa kukaa umbali wa mita 10 kutoka kwa sokwe. Chini ya miti kuna giza. Mwenye lenzi ya 600 yenye tundu dogo atapata jicho na sikio, tena kwa ukungu, wakati mwenye lenzi fupi ya 70 hadi 200 yenye f/2.8 atapata mama na mtoto wake.

Masharti kabla ya fedha

Mpigaji mwenye lenzi fupi hushawishika kutoka nje ya gari au kumwomba dereva aache barabara. Mwenye lenzi ndefu naye hushawishika, kwa sababu picha haitoshi kamwe. Kwa hiyo kanuni za hifadhi ziwe sehemu ya makubaliano ya nyumbani: hakuna kushuka garini isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, hakuna kelele, hakuna kulisha wanyama. Tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa, kamera inashushwa na gari linaondoka taratibu. Nyumbani pia, hakuna kukata matawi ili kiota kionekane vizuri. Ndege anaweza kukihama kiota na kuacha makinda.

Kijana anayeelewa kwamba lenzi ndefu ipo ili mnyama aendelee na shughuli zake bila bughudha ameelewa kazi yenyewe. Anayeiona kama kitu cha kujionyesha kwa wenzake bado anahitaji muda.

Ukiamua kununua

Hakikisha lenzi inaingia kwenye kamera aliyonayo. Lenzi ya kampuni moja haikai kwenye kamera ya nyingine hivihivi, na hata ndani ya kampuni moja kuna aina zisizoingiliana. Nenda na kamera yenyewe dukani.

Kwa lenzi ya mtumba, mulika ndani kwa tochi ya simu. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni fangasi, achana nayo. Jaribu kulenga kitu cha karibu kisha cha mbali, usikilize kama inakwaruza. Dai risiti yenye namba ya lenzi. Wanaoishi Pwani wasiihifadhi kwenye begi la ngozi kabatini, bali kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kwa sababu joto na unyevu ndivyo vinavyoleta fangasi.

Ikiwa safari kubwa ni moja tu kwa mwaka, uliza kuhusu kukodi. Nairobi na Arusha wapo wanaokodisha kwa siku, na gharama ya siku tatu ni ndogo mno ukilinganisha na kununua.

Kuhusu fedha, mpe mtoto muda kwanza. Kwa miezi mitatu atumie simu au kamera ya kuazima, na kila mwisho wa mwezi aonyeshe picha kumi za mnyama mmoja wa jirani, akieleza anakula nini na anatoka saa ngapi. Kama shuleni kuna klabu ya Malihai, ajiunge. Akifika mwezi wa tatu bila kusukumwa, familia ianze kuweka akiba naye akichangia alichonacho. Ada ya shule isiguswe, wala usikopwe mkopo kwa matumaini kwamba picha zitaulipa. Soko la picha za wanyama ni gumu hata kwa wakongwe, na picha za biashara ndani ya hifadhi zina taratibu zake za vibali. Mtoto akijua kwamba lenzi imenunuliwa kwa deni, kila picha mbaya itakuwa mzigo kwake, na furaha iliyomfanya aombe itaisha.

Na akikata tamaa mwezi wa kwanza, hakuna aliyepoteza. Atakuwa amejifunza majina ya ndege wa mtaani kwake, na fedha iko palepale.