KUJUA KAZI NI MOJA, KUIFUNZA NI NYINGINE

Ndugu wanachama,

Katika mikutano yetu twazungumza sana juu ya mshahara, nyumba na likizo, na hayo ni haki yetu. Lakini jambo moja naona limeachwa nyuma, nalo ni mafunzo ya vijana wanaoingia kazini. Ni nani awafunzaye, na awafunza kwa njia gani? Mimi nasema hili ni jambo la chama sawa na mshahara.

Watu wengi hudhani kuwa mwalimu ni yule tu anayeshika chaki. Sivyo. Fundi yeyote aliyepewa kijana wa kukaa naye ni mwalimu, apende asipende. Tena hudhani kuwa anayeijua kazi sana ndiye atakayeifunza vizuri. Hilo nalo si kweli. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 mikono yake yaijua, lakini ulimi wake hauwezi kuieleza, maana hakumbuki tena ni kitu gani kilichokuwa kigumu alipoanza.

Chukueni mfano wa mpira wa breki ya upepo kati ya mabehewa mawili. Kijana huambiwa, "Funga koki kwanza, kisha achanisha mpira." Akifunzwa hayo tu, leo atakumbuka, na siku ya haraka atasahau. Lakini mwalimu mwema humpa sababu: upepo ulio ndani umeshindiliwa, na mpira ukiachanishwa kabla ya koki kufungwa, waruka kama mjeledi na waweza kumvunja mtu uso. Aliyejua sababu hasahau upesi. Kisha mwalimu humwonyesha polepole, hufanya pamoja naye, halafu humwacha afanye mwenyewe huku akieleza kwa mdomo wake kila afanyalo. Akieleza sawasawa, amejua. Lakini akitikisa kichwa na kusema "Ndiyo, fundi," wewe bado hujui kama amejua.

Njia hii si ngeni duniani. Wakati wa vita vikuu vya kwanza, Bwana Charles Allen wa Marekani alikuwa na kazi ya kufunza watu wengi, tena upesi, kazi ya kuunda meli. Aliigawa kazi ya kufunza katika hatua 4: kumtayarisha mwanafunzi kwa kuanzia na lile alijualo, kumwonyesha jambo jipya, kumwacha alifanye, na kumpima. Katika vita vya pili, toka 1940 hata 1945, serikali ya huko ilizitumia hatua kama hizo viwandani, na watu wapata milioni 1 wakafundishwa namna ya kuwafunza wenzao. Sharti lao lilikuwa kwamba mwanafunzi asipojua, mwalimu ajiulize yeye kwanza.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, mwalimu Bi Swafiya Said, kwa msaada wa shirika la Aga Khan, alianza shule za madrasa za watoto wadogo. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, wengi wao si watu wa vyeti vikubwa. Walifunzwa, kisha wakafuatwa madarasani mwao na kusaidiwa palipokuwa pagumu. Watoto walijifunza kwa kushika vitu wanavyovijua, kama vifuu vya nazi na vizibo vya chupa. Mpango huo ulifika Zanzibar na Uganda. Basi twaona kuwa mwalimu hutengenezwa, na akiisha kutengenezwa haachwi peke yake.

Wako wazee wetu watakaosema, "Sisi tulifunzwa kwa makofi na matusi, na leo tu mafundi. Samaki mkunje angali mbichi." Naam, mkunje, lakini methali haikusema mvunje. Tena mzee huyo awahesabu waliobaki tu. Je, wale waliokimbia kazi kwa sababu ya matusi, nani aliwahesabu? Kijana anayeogopa hauliza, na asiyeuliza huficha asilolijua mpaka siku ya ajali. Kenya ilipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001. Haifai mtoto aheshimiwe darasani, kisha akija kazini atukanwe.

Sasa nitaje jambo ambalo wengi hulinong'ona tu. Mafundi wengine huficha kazi makusudi. Akifika mahali penye siri humtuma kijana chai. Tusimwite mchoyo upesi hivyo. Anaogopa kuwa kijana akijua yote, yeye mwenye mshahara mkubwa ataambiwa aende zake. Hofu hiyo ina sababu, na haiondoki kwa mahubiri. Yaondoka kwa mapatano, na mapatano ndiyo kazi ya chama.

Kwa hiyo naomba mkutano wetu ujao uyafikirie mambo 3. Kwanza, fundi anayefunza alipwe posho ya kufunza, na iandikwe kwamba hataondolewa kazini kwa ajili ya yule aliyemfunza. Pili, apewe saa za kufunza ndani ya saa za kazi, maana hakuna afunzaye vizuri huku akiharakishwa. Tatu, kabla ya kupewa kijana, afundishwe yeye kwanza namna ya kufunza, walau kwa siku chache.

Ndugu zangu, hapa Chaani kila mtaa una mzee aliyestaafu na ujuzi wake kichwani, na hakuna aliyemwuliza. Mzee huyo akifa, ujuzi ule waenda naye kaburini. Mshahara uliopotea twaweza kuudai tena mwakani, lakini ujuzi uliozikwa hatuna wa kumdai.

Wasalaam,
Mfanya kazi wa reli, Chaani