Mtoto na Kinanda cha Mdomo

Mtoto ajifunzaye kinanda cha mdomo huwachosha wasikilizaji, na baba hukasirika: "Acha, huna kipaji!" Tusiseme hivyo upesi. Tukitazame kwanza kinanda chenyewe.

Kile cha wanaoanza kina matundu 10, na kila tundu lina sauti mbili: moja ya kupuliza, nyingine ya kuvuta pumzi. Katika kinanda cha do, tundu la 4 kutoka kushoto hutoa do kwa kupuliza, na re kwa kuvuta. Tundu la 5 hutoa mi na fa. La 6, sol na la. Mtoto amekwisha kuzoea: puliza, vuta. Lakini kwenye tundu la 7 mpango hugeuka: sharti avute kwanza apate si, ndipo apulize apate do ya juu. Hapo wimbo huharibika, naye hudhani kosa ni lake.

Basi tumwonyeshe tundu hilo. Apulize polepole, midomo ikizunguka tundu moja tu, dakika 10 kila siku. Nasi tuvumilie makelele ya majuma machache. Haba na haba hujaza kibaba.